Mtoto Hana Risiti

Siku shule zinapofungwa, Nairobi hupungua watoto. Pita Machakos Country Bus asubuhi ya kwanza ya likizo ya Agosti au Desemba na utawaona. Msichana wa miaka 13 ameshika mkono wa ndugu yake wa miaka minane. Mabegi ya shule yamejaa nguo badala ya vitabu, na katikati ya miguu yao kuna mfuko wa mkate, sukari na majani chai ya susu. Mzazi amesimama nje akiongea na makanga. Basi likiondoka, mzazi anarudi kazini. Yeye atafuata tarehe 23 Desemba, bosi akimruhusu na nauli ikiwa haijapanda mara mbili.

Sisi wa Ukambani tumeizoea picha hii mpaka hatuioni tena. Lakini miaka ya hivi karibuni imegeuka ugomvi. Kwenye mikutano ya familia, kwenye vikundi vya WhatsApp vya wazazi, hata kwa saluni, swali ni lile lile: mtoto wa miaka mingapi anaweza kuachiliwa asafiri bila mzazi? Upande mmoja kuna wazee wanaosema ati zamani watoto walizunguka Kitui nzima na hakuna aliyepotea. Upande wa pili kuna wazazi wa rika la dada yangu, wanaosema dunia imeharibika na mtoto haachiliwi hata aende dukani.

Nimekuwa nikisoma historia ya Ukambani kwa miaka kadhaa. Nilianzia chuo kikuu, na karo ilipokatika niliacha chuo lakini sikuacha kusoma. Kwa hayo niliyosoma, naona pande zote mbili zinaanzia mahali pamoja pasipo sawa. Zote zinaamini kwamba zamani mtoto alisafiri peke yake. Kwa kweli hakusafiri peke yake. Alipitishwa kutoka mkono mmoja hadi mwingine, na historia yetu ni historia ya mikono hiyo: nani alimpokea, kwa jina la nani, na nini kilitokea pale mkono mmoja ulipokosekana.

Tuanze na ng'ombe, kwa sababu Ukambani wa zamani ulianza na ng'ombe. Watu waliishi katika utui, kijiji cha nyumba za jirani. Nje ya utui kulikuwa na weu, malisho ya wazi yasiyo ya mtu mmoja. Na mbali zaidi, kule nyasi zilikobaki wakati wa kiangazi, kulikuwa na kyengo, kambi ya mifugo. Huko syengo ndiko wavulana walikopelekwa na ng'ombe wa baba zao. Kutoka nyumbani mpaka kyengo kunaweza kuwa mwendo wa siku nzima au zaidi, katika nchi yenye simba na wezi wa mifugo. Ukimwambia mzazi wa leo kwamba mtoto wa miaka 11 alilala huko wiki baada ya wiki, atakuuliza mama yake alikuwa wapi.

Mama yake alikuwa nyumbani, akijua mtoto yuko na nani. Kyengo haikuwa ya watoto pekee. Kulikuwa na anake, vijana waliotahiriwa, ambao kazi yao ilikuwa kulinda. Na njiani kulikuwa na kitu kingine kilichofanya kazi ambayo leo tunadai kutoka kwa kitambulisho: mbai, yaani ukoo. Koo za Wakamba hazikukaa sehemu moja. Ukoo mmoja ulikuwa na watu huku Kitui na wengine ng'ambo ya mto Athi, katika nchi ambayo leo ni Makueni na Machakos. Mtoto aliyefika boma asilolijua aliulizwa yeye ni wa nani, wa mbai gani. Akijibu, alipata mahali pa kulala, na habari kwamba amepita ilibaki pale. Akipotea, kulikuwa na boma la mwisho la kwenda kuuliza.

Jambo hili halikuwa la watoto tu. Mwaka 1849 mmisionari Mjerumani, Johann Ludwig Krapf, alitoka pwani akaja mpaka Kitui. Mwenyeji wake alikuwa Kivui wa Mwendwa, mfanyabiashara mkubwa wa pembe za ndovu ambaye misafara yake ilijulikana kutoka Mombasa mpaka maeneo ya mto Tana. Kwa jina la Kivui, Krapf alitembea salama, na tarehe 3 Desemba mwaka huo aliuona Mlima Kenya kutoka Kitui. Alirudi mwaka 1851. Wakiwa safarini kuelekea Tana, msafara ulivamiwa na Kivui akauawa. Tangu saa hiyo Krapf alikuwa mtu mzima mwenye bunduki, mwenye elimu, mwenye ramani kichwani, na bado karibu afe kwa njaa na kiu porini, akitembea usiku na kujificha mchana, kwa sababu hakuwa tena mgeni wa mtu. Umri wake haukumsaidia. Kilichokuwa kimemlinda miaka miwili kabla ni mwenyeji, na mwenyeji alikuwa amekufa.

Kwa hivyo wazee wanaposema zamani kulikuwa salama, mimi huuliza: salama kwa nani, na chini ya jina la nani?

Na kuna zamani nyingine ambayo wazee hawaitaji wakiwa kwa chai. Kati ya 1897 na 1900 Ukambani uliona njaa iliyoitwa Ngomanisye, ile iliyoenea kila mahali. Mvua ilikosa misimu mfululizo. Ng'ombe walikuwa tayari wamepigwa na sotoka, na ndui ikafuata. Watu walikufa kwa maelfu. Waliobaki na nguvu walielekea nyanda za juu, kwa Wakikuyu na majirani wa Embu, kulikokuwa na chakula. Na huko familia nyingi ziliwaacha wasichana na wanawake kama rehani: nipe chakula sasa, mtoto wangu abaki kwako, nitakuja kumkomboa mambo yakitengemaa.

Wengine walikombolewa. Wengine hawakurudi, waliolewa huko wakapewa majina mengine, na wajukuu wao leo hawajui neno la Kikamba. Hawa nao walikuwa watoto waliotumwa mbali bila wazazi. Mikono ilikuwepo, tena mikono iliyokubaliana. Lakini anayempokea alikuwa na mahindi na anayemtoa hakuwa na kitu, na makubaliano ya namna hiyo huwa ya upande mmoja hata watu wakiwa na roho nzuri.

Katika miaka hiyo hiyo ya njaa, reli ilikuwa inapita chini ya vilima vya Chyulu. Ilianza Mombasa mwaka 1896, ikapita Mtito Andei, Kibwezi, Makindu na Sultan Hamud, ikafika Nairobi mwezi Mei 1899. Treni zilipita zimebeba mchele wa vibarua waliotoka India, na kando ya reli watu walikuwa wanakufa. Ukitaka kuelewa kwa nini Makueni na Kitui ni nchi mbili tofauti kwa msafiri, anzia hapo. Makueni ilipata reli, na baadaye barabara kuu ya Mombasa ikaifuata. Kitui haikupata reli mpaka leo. Mtoto wa Kibwezi alikua akisikia treni usiku. Mtoto wa Mutomo alikua akisikia tu kwamba kuna treni.

Serikali ya mkoloni ilihesabu vibanda kwa ajili ya kodi na ilihesabu ng'ombe kwa ajili ya kuwapunguza. Watoto haikuwahesabu sana, ila walipoonekana mahali isipowataka. Sheria ya kipande, iliyotekelezwa baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, iliwalazimu wanaume Waafrika wa miaka 16 na zaidi kutembea na hati shingoni ndani ya kikopo cha chuma. Mvulana wa miaka 13 hakuwa na kipande. Kwa hivyo akipanda treni Makindu kwenda Nairobi kumtafuta baba yake, serikali ilimwona ni mzururaji, na polisi walikuwa na kawaida ya kuwakusanya wavulana kama yeye na kuwarudisha kwenye hifadhi zao. Kwa utui, mtoto huyo alikuwa njiani kwenda kwa baba. Kwa ofisi, alikuwa mtu asiye na mwenyewe. Mgongano huo wa mitazamo miwili bado tunao.

Safari moja kubwa ya familia nzima iliyoandikwa katika miaka hiyo haikuwa likizo. Mwaka 1938 serikali iliamua kwamba Wakamba wa Machakos wana ng'ombe wengi mno na ikaanza kuwachukua kwa nguvu na kuwauza kwa bei ya kutupa. Chama cha Ukamba Members Association, kikiongozwa na Samuel Muindi Mbingu, kiliitisha maandamano. Mwezi Julai maelfu ya watu, wanaume, wanawake na watoto, walifunga safari mpaka Nairobi wakapiga kambi kwa wiki kadhaa wakidai kuonana na gavana. Muindi alikamatwa akapelekwa uhamishoni Lamu, lakini serikali ililegeza kamba na kuacha kuchukua ng'ombe kwa nguvu. Napenda kuwafikiria watoto wa kambi ile. Huenda kwa wengi wao ndiyo mara ya kwanza waliona Nairobi, na waliiona wakiwa na kijiji kizima pembeni yao.

Baada ya uhuru, kilichowasafirisha watoto zaidi ya kitu kingine chochote ni shule. Shule za bweni ziliwafundisha wazazi wa Kenya kumwachilia mtoto wa miaka 13 au 14 na sanduku la bati, godoro lililokunjwa na pesa za matumizi zilizofungwa kwenye leso. Ukimpeleka siku ya kwanza ya kidato cha kwanza, umefanya kazi yako. Kuanzia likizo ya kwanza, atajua njia. Hakuna sheria iliyosema hivyo, ila nauli ya watu wawili kwenda na kurudi ilikuwa inasema.

Nchi nyingine zilifika hapo kwa njia zao. Septemba 1939, Uingereza iliwaondoa watoto wa mijini kwa mamia ya maelfu katika siku chache, wakiogopa mabomu ya Ujerumani. Walipandishwa treni na walimu wao, kila mmoja amefungiwa kibandiko chenye jina lake, bila wazazi kujua watalala kwa nani. Huko Japani mpaka leo mtoto wa darasa la kwanza hupanda treni kwenda shule bila mkubwa. Wageni husema Wajapani wana roho ngumu. Lakini mtoto yule ana kofia ya rangi inayojulikana, wenye maduka ya mtaa wanamjua, na stesheni zina wafanyakazi. Hata huko, ukiangalia vizuri, utaiona mikono.

Mama yangu alipata kibandiko chake mwaka 1984. Alikuwa na miaka 12, kwao ni upande wa Ikutha, kusini mwa Kitui. Mwaka huo na uliofuata kulikuwa na njaa ambayo Wakamba waliiita Nikw'a Ngwete, maana yake ni kama kusema nakufa nikiwa nazo mkononi. Pesa zilikuwepo kwa wengine, chakula cha kununua hakikuwepo. Babu aliamua kumpunguza mtoto mmoja nyumbani. Mjomba alikuwa akifanya kazi bandarini Mombasa. Mama alipanda lori la jirani mpaka Kibwezi, akakabidhiwa kwa mwanamke aliyekuwa anauza ndizi stesheni, ambaye alikuwa wa mbai yao. Mwanamke yule alikaa naye mpaka usiku wa manane, akampandisha daraja la tatu, akamkabidhi kwa abiria mwingine, mama mwenye watoto. Mfukoni alikuwa na karatasi yenye jina la mjomba na namba ya nyumba Changamwe. Anasema hakulala, na kila treni iliposimama aliigusa karatasi.

Alifika. Alikaa Mombasa mwaka mmoja na nusu. Akisimulia hadithi hii, huwa anaimalizia kwa yule mama wa ndizi, ambaye alimtafuta kila alipopita Kibwezi mpaka alipoambiwa amefariki. Kwake hiyo ndiyo sehemu ya maana. Kwa dada yangu, sehemu ya maana ni nyingine: ilikuwaje kama yule abiria wa pili angekuwa mtu mbaya?

Ni swali la haki. Kwa sababu barabara hiyo hiyo na mikono hiyo hiyo ilibeba wasichana wengine wa Ukambani kwa miaka mingi kwa kazi nyingine. Mtu wa nyumbani anakuja kutoka Nairobi wakati wa kiangazi, amevaa vizuri, anasema nipe huyu msichana nikamsomeshe. Mtoto anapanda basi na mtu wa ukoo, kila kitu sawasawa, na anashuka Nairobi kuwa yaya wa nyumba asiye na mshahara. Tuna sheria ya kupambana na usafirishaji haramu wa watu tangu 2010, na Sheria ya Watoto ya 2022 inasema mtoto ni yeyote aliye chini ya miaka 18. Lakini wasichana wale hawakuibwa na watu wasiojulikana. Walitolewa na kupokelewa, kama walivyotolewa na kupokelewa wale wa Ngomanisye. Ndiyo maana siwezi kuungana na wazee wanaosema tatizo la leo ni kwamba watu hawajuani. Wakati mwingine waliumizwa na wanaojuana.

Zamu yangu ilikuja 2011. Nilikuwa na miaka 12 na mdogo wangu miaka tisa, tukitumwa kwa susu kwa likizo ya Agosti. Mambo mawili yalikuwa yamebadilika tangu safari ya mama. La kwanza ni kanuni za Michuki za mwaka 2004. Watu huzikumbuka kwa mikanda, vidhibiti mwendo na abiria 14 tu kwa matatu, lakini zilileta kitu kingine: dereva na makanga walivaa sare na beji. Miaka michache baadaye magari yakatakiwa kuwa chini ya sacco au kampuni. Gari likawa na ofisi. La pili ni simu. M-Pesa ilianza Machi 2007, na kufikia wakati wetu hata susu alikuwa na kabambe yake ya tochi.

Kwa hivyo mama alifanya yale yale aliyofanyiwa, ila kwa vifaa vipya. Aliandika namba ya gari na namba ya simu ya makanga nyuma ya bahasha. Alimlipa nauli na kumwongezea mia ya soda, akamwambia, "Hawa ni wako mpaka Kitui." Makanga akasema sawa mathe, akatukalisha nyuma ya dereva. Gari liliposimama njiani kwa choo, alitushusha akatusubiri mlangoni na akatupandisha kabla ya abiria wengine. Nilijiona mkubwa sana. Kumbe mkubwa alikuwa yeye, kijana wa labda miaka 22.

Halafu ikaja 2020, na tukaonyeshwa mfumo huu unategemea nini. Shule zilifungwa ghafla katikati ya Machi. Wazazi wengi wa Nairobi, wenye chumba kimoja na kazi isiyoweza kufanywa nyumbani, walifanya lile walilolijua: watoto waende ushago. Tarehe 6 Aprili serikali ikapiga marufuku kuingia na kutoka Nairobi, na siku mbili baadaye Mombasa. Marufuku hayo hayakuondolewa mpaka Julai. Watoto waliotumwa kwa wiki tatu walikaa miezi mitatu, wengine mpaka mwaka ukaisha, maana shule nyingi hazikufungua kikamilifu hadi Januari 2021. Nyumba ya susu wetu ilikuwa na watoto tisa. Upande wa kupokea ulikuwa bibi mmoja mwenye miaka zaidi ya 70, mtungi mmoja wa maji na pesa za M-Pesa ambazo zilipungua kadiri kazi za Nairobi zilivyofungwa. Hakulalamika, lakini tangu mwaka ule husema "niulizeni kwanza" kabla ya kupokea mjukuu. Tulikuwa tumezoea kuuliza kama mtoto yuko tayari kusafiri. Hatukuwahi kuuliza kama anayempokea yuko tayari.

Mwaka jana ugomvi uliingia kwetu nyumbani. Binti ya dada yangu ana miaka 14 na alitaka kwenda kwa nyanya yake, yaani mama yangu, ambaye siku hizi amerudi kuishi Ikutha. Dada alisema hapana. Mama alisema, mimi nilienda Mombasa nikiwa na 12, usiku, tena katika njaa. Dada akajibu kwamba kwenda kwa sababu ya njaa si ruhusa, ni kukosa njia nyingine. Mama alinyamaza. Nadhani hakuwahi kuifikiria safari yake hivyo.

Dada aliogopa vitu viwili, na vizuri kuvitenganisha. Cha kwanza ni barabara. Hofu hiyo ni ya kweli, lakini haina uhusiano na kuwa na mzazi pembeni. Agosti 2018 basi la shule lilianguka karibu na Mwingi watoto wakitoka ziarani, na watoto wapatao 10 walikufa. Walikuwa na walimu wao. Desemba 2021 basi lililobeba kwaya ya kanisa likielekea harusini lilisombwa na mto Enziu, na zaidi ya watu 30 walikufa. Lilijaa watu wazima, na watu wazima walikuwa ukingoni wakitazama. Mtoto akiketi kando ya mama yake, breki za gari hazibadiliki. Kinachoweza kubadilisha ni daraja, mwendo, na dereva aliyelala usiku.

Hofu ya pili ni watu, na hapo umri na jinsia vina uzito. Msichana wa miaka 14 ndani ya matatu hatazamwi kama nilivyotazamwa mimi. Hapa dada alikuwa na haki zaidi ya sisi wote, na aliuliza maswali ambayo mama wa 1984 hakuweza kuuliza. Gari likiharibika Ikanga saa moja usiku, atakaa kwa nani? Simu ikizima chaji? Makanga akibadilishwa Machakos, nani atajua?

Mwishowe waliafikiana kwa treni. Ile ya SGR ilianza Mei 2017, na ile inayosimama katika kaunti hutoka Nairobi saa mbili asubuhi, inapita Emali na kufika Kibwezi kabla ya saa sita. Ina viti vyenye namba, wahudumu, na stesheni yenye lango moja. Kutoka Kibwezi mpaka Ikutha siku hizi kuna lami, kwa ile barabara ya Kibwezi, Mutomo mpaka Kitui, mahali ambapo mama alipanda lori. Mama alikuwa langoni saa tatu na nusu, karibu saa mbili kabla ya treni, na mwamvuli na chupa ya uji. Binti alishuka akiwa na vipokea sauti masikioni, akamwuliza kwa nini amekuja mapema hivyo.

Lakini treni ni ya Makueni. Watoto wengi wa Kitui, wa Mwingi, Kyuso, Mutitu, Zombe, wataendelea kwenda kwa matatu na mabasi, na si kwa sababu wazazi wao hawajali. Nauli ni nauli, na siku za likizo za kazi haziongezeki kwa sababu shule zimefungwa. Kwao suala si kama watoto watasafiri bila wao.

Hebu jaribu kitu hiki. Nenda ofisi yoyote ya matatu za Kitui jijini Nairobi na kifurushi, tuseme radio ya susu. Karani atakiandika kwenye kitabu. Atachukua jina lako na namba yako ya simu, jina la anayepokea na namba yake, na gari litakalokibeba. Atakupa risiti. Kule Kitui, susu hatapewa radio mpaka aonyeshe kitambulisho na kutia sahihi. Radio ikipotea, kuna karatasi ya kuanzia.

Sasa nenda na mtoto wa miaka 13. Utalipa nauli, utaongea na makanga, labda utamwongezea ya soda. Hakuna atakayeandika kitu. Kitabu kipo mezani, kalamu ipo, safu za kujaza ni zile zile: anayetuma, anayepokea, simu, gari. Zingetosha kabisa, na ziongezwe moja tu, ya anayepokea kuulizwa kwanza kama yuko tayari. Babu zetu walitunza kumbukumbu hiyo kwa mbai na maboma, na walipoikosa watoto walipotelea nyanda za juu. Sisi tuna vitabu, simu na sare. Likizo ya Desemba inakuja, na sacco inayotaka kuanza haihitaji kungoja sheria.